Kidole cha Wambui

Wiki iliyopita mtoto wangu alitoka vidonda mdomoni, na yule mama wa duka la dawa hapa Ngoingwa akanipa kichupa cha GV, ile dawa ya zambarau. Hakuniuliza hata kama naijua. Nilipofika nyumbani nikakifungua vibaya, tone moja likaniangukia kidole cha mwisho, cha mkono wa kushoto. Nikanawa na sabuni. Nikajaribu ndimu. Nikachukua steelwool ya kuoshea sufuria nikasugua mpaka ngozi ikaanza kuchubuka, na mume wangu akasimama mlangoni akinitazama.

"Si ni dawa tu? Itatoka yenyewe."

Nilimjibu vibaya, maskini wa watu. Kisha nikaanza kuzunguka nyumba, naingia chumbani natoka, nafungua friji nafunga, mpaka mtoto akaanza kulia kwa sababu hata dawa yenyewe sikuwa nimempaka. Mimi ni mtu wa hasira, sitaficha, na wanaonijua wamezoea. Lakini siku hiyo haikuwa hasira. Ilikuwa ile hali ya mtu anayetafutwa na kitu alichokificha mwenyewe.

Basi wacha niseme, kwa sababu nikinyamaza tena sitalala.

Tulikuwa tunakaa Kimbo, kwenye ploti ya vyumba kumi, mitano huku na mitano kule, mfereji mmoja wa kuchotea maji katikati. Nyinyi mliokulia ploti mnajua. Hakuna siri. Mtu akikaanga kitunguu, ploti nzima inajua leo kuna supu. Tulikuwa watatu: mama, mimi niliyekuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Wambui aliyekuwa na mitatu. Baba sitamwongelea, hayumo kwa haya mambo. Mama alichuma kahawa kwenye shamba kubwa ng'ambo ya barabara, na msimu ukiisha aliwafulia watu nguo. Mikono yake ilikuwa na ile harufu ya majani ya kahawa mabichi ambayo haitoki hata ukioga.

Kati yangu na Wambui kulikuwa na mtoto mwingine, Kamau. Mama alienda hospitali na tumbo akarudi na mfuko wa nguo za mtoto ambazo hazikuvaliwa. Siku nne tu. Nilimsikia akiyaeleza mara nyingi kwa maneno yale yale, kama mtu anayetafuta mahali alipodondosha ufunguo: jinsi mtoto alivyokuwa ananyonya vizuri jioni, jinsi asubuhi alivyokuta kitanda kimetandikwa upya, jinsi alivyouliza imekuwaje na nesi akamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya Mungu, weka sahihi hapa." Aliuliza daktari, akaambiwa daktari yuko raundi. Akakaa kwenye benchi mpaka saa nane. Hakuna mtu aliyekuja kumwambia chochote, akatoka akatembea mpaka stendi akiwa na maziwa yamejaa kifuani.

Mtu aliyekuja kumwambia kitu alikuwa Mama Shiku.

Mama Shiku alikuwa jirani yetu wa chumba cha pili, fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa hapo barazani. Alishona pini zikiwa mdomoni na alizungumza pini zikiwa mdomoni, lakini jambo likiwa zito alizitoa moja moja akazichoma kwenye kola ya gauni lake. Ukiona Mama Shiku anatoa pini, ulijua kuna maneno. Na alikuwa mtu mwema, msidhani namchongea. Mama aliporudi bila mtoto, Mama Shiku ndiye aliyempikia uji majuma mawili. Ndiye aliyekaa naye kitandani. Na ndiye aliyetoa pini zote akamwambia, "Mama Njeri, watoto hawafi hivyo tu. Kuna kitu walimdunga."

Leo nikifikiria nataka kupiga kelele. Lakini pia naelewa. Hospitali nzima ilikuwa imempa mama benchi. Mama Shiku alimpa sababu, na akampa akiwa amemshika mkono. Mtu ambaye hajapewa hata neno moja atachukua lolote litakalokuja, na hataliachilia kwa sababu eti umemletea la ukweli miaka baadaye.

Sasa, watu wa chanjo walikuja likizo ya Agosti. Ilikuwa chanjo ya ukambi, ya watoto wa chini ya miaka mitano. Walijenga hema kwenye uwanja wa kanisa, na mtoto akishadungwa alipakwa wino wa zambarau iliyokolea kwenye kidole cha mwisho cha kushoto, ili asidungwe mara mbili. Kisha walizunguka ploti kwa ploti na chaki, wanaangalia vidole, wanaandika mlangoni. Nyumba yenye watoto wawili waliodungwa wote iliandikwa mbili, mstari, mbili. Yetu iliandikwa sifuri, mstari, moja, kwa sababu mama alisema mtoto ana homa, waje kesho.

Mama Shiku alitoa pini.

Alisema ile dawa ni ya kufanya wasichana wasizae. Alisema ule wino ndio ile alama tuliyoambiwa kanisani, alama ya mnyama, na wameanza na watoto kwa sababu watoto hawawezi kukataa. Mzee mmoja wa chumba cha mwisho akamwambia, "Lakini Mama Shiku, Biblia inasema ni mkono wa kulia. Hawa wanapaka wa kushoto."

"Eeh! Unaona sasa?" Mama Shiku akasema. "Wamehamisha ndio tusijue."

Na watu wakatikisa vichwa! Wallahi ningekuwa na akili niliyo nayo leo ningecheka. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na ilionekana kweli kabisa. Kama wangepaka kulia, ingekuwa kweli. Wamepaka kushoto, imekuwa kweli zaidi. Hakukuwa na mlango wa kutokea.

Mimi nilichoelewa ni hiki: zile namba za chaki ni rejista. Mwalimu wetu alikuwa na rejista, na siku ya mwisho ya muhula alisoma majina na hukuweza kujificha. Nikaona lori likija asubuhi moja, mtu anashuka na daftari, anasoma mlango kwa mlango. Hapa wawili. Hapa mmoja. Nikaangalia mlango wetu. Sifuri, mstari, moja. Walikuwa wamemwandika Wambui kama deni. Kila mlango ulikuwa umemalizika isipokuwa wetu.

Mama aliondoka asubuhi ya siku ya tatu akaniambia, "Njeri, fungia mlango kwa ndani. Wakibisha, nyamaza." Akaenda kahawa. Nikafungia. Wambui alikaa sakafuni akila ugali wa jana na chumvi, anaimba wimbo wake ambao haukuwa na maneno. Nilimtazama, kisha nikautazama mlango. Kufuli ni kufuli tu. Watu wenye lori wana nondo.

Na hapo ndipo Sunday school ikaniingia kichwani. Jumapili ile tu tulikuwa tumefundishwa habari ya wana wa Israeli kule Misri, jinsi walivyopaka damu kwenye miimo ya mlango, na malaika wa mauti akaja, akaona damu, akapita. Hakuingia kuhesabu. Aliona alama, akapita. Nilikaa pale kitandani nikaona jambo lote wazi kama mchana. Wambui akiwa na alama tayari, watapita.

Chini ya kitanda kulikuwa na kichupa cha GV ambacho mama alimpakia Wambui mdomoni alipokuwa mchanga. Nikakitoa. Nikazungushia pamba kwenye kijiti cha kiberiti.

"Leta kidole."

"Itauma?"

"Haiumi. Ni ya kukuficha."

Akanipa kidole. Nilipaka ukucha, nikapaka ngozi kuuzunguka, nikapuliza mpaka kikakauka. Nilifanya kazi safi. Yeye alikipenda, alizunguka nyumba amekiinua juu. Kichupa nikakificha ndani ya godoro, mahali lilipopasuka.

Kitu ambacho sikujua, na ambacho nimekijua kwa miaka mingi sasa na sijamwambia mtu, ni kwamba asubuhi hiyo mmoja wa wale dada wa chanjo alikuwa amewafuata akina mama mpaka shambani. Aliwasubiri pale wanapopimia kahawa. Mama aliponisimulia baadaye, kabla mimi na yeye hatujakosana, alisema yule msichana alikaa chini kwenye majani kama wao, hakusimama juu yao. Mama akamwambia habari ya Kamau. Na yule msichana hakusema ni mambo ya Mungu. Alisema, "Pole sana, mama. Na hakuna mtu alikaa chini akueleze?" Akamuuliza mtoto alikuwa anapumua vipi, alikuwa na rangi gani. Akamweleza pengine ilikuwa nini, na akasema pia, "Sijui kwa hakika, sikuwa hapo." Mama alisema hilo ndilo lililomgusa, kwamba alikubali hajui.

Saa sita nikasikia mama akibisha. "Njeri, fungua, ni mimi." Nikafungua. Alikuwa na yule dada, kofia ya jua kichwani, kisanduku cha barafu begani. Mama alikuwa anahema, kama mtu aliyekimbia ili asipate muda wa kubadilisha nia.

"Mlete Wambui," akasema.

Wambui akaja mwenyewe, kidole juu.

Yule dada akakiangalia. Jua lilikuwa kali, alikuwa amezunguka siku tatu, na kidole kilikuwa cha zambarau. Akacheka. "Ah, mama! Kumbe huyu alishadungwa!"

Mama akanigeukia. "Nani alimpeleka?"

"Walikuja asubuhi," nikasema. "Wengine. Walimdungia hapa."

"Ni wale wenzangu wa upande ule," dada akasema. Akatoa chaki, akafuta sifuri kwa kiganja, akaandika moja, mstari, moja. Akamwambia mama amefanya vizuri, akaenda zake.

Mama alishusha pumzi, ndefu. Akanishika kichwa akanipapasa nywele, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Nami nikajua, kwa uhakika wote wa mtoto, kwamba alikuwa ameletwa na yule mtu kwa nguvu, kwamba amegundua hila yangu na ananishukuru kimya kimya. Kumbe alikuwa amefurahi tu kwamba lile jambo la kuogofya limekwisha bila yeye kuliona. Siku hizo zote zilizofuata nilitembea kwenye ploti nikiwa nimevimba kifua. Nilikuwa nimemwokoa dada yangu.

Ukambi ulifika Oktoba. Ulianza na macho mekundu na kikohozi, kisha vipele usoni, kisha homa ambayo ilimfanya Wambui aongee na watu wasiokuwepo. Mama aliweka blanketi dirishani. Siku ya tano sikio lilianza kutoa usaha, na mama akambeba mgongoni mpaka hospitali, ile ile ya Kamau, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Nilienda naye nikibeba maji. Nesi akauliza, "Alipata chanjo ya Agosti?" Mama akasema ndiyo. Nesi akauliza kadi. Mama akasema walikuja nyumbani. Nesi akaandika kitu. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Wambui alipona. Lakini sikio la kushoto lilikufa. Tulijua siku moja alipokuwa anacheza, na mama akamwita mara sita kutoka upande huo.

Mama Shiku alikuja na uji, na safari hii pini zilikuwa tayari kwenye kola. "Si nilisema? Wamemdunga, wakamletea ugonjwa wenyewe." Mama alikuwa amekaa kitandani, nami nilikuwa kona, kati ya jiko na ukuta. Mama akanitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akasema, kwa sauti ya kusikika ploti nzima, "Ni kweli. Ni wale watu wa chaki."

Ngai! Jinsi nilivyolikumbatia hilo neno. Nililiamini kama nilivyoamini jua litatoka. Lilinitoa mimi pale kona. Kama ni watu wa chaki, basi mimi sikufanya kitu, na hata kama dunia nzima imejaa watu wabaya wenye madaftari na malori, heri dunia hiyo kuliko ile ambayo ndani yake kuna mimi na kijiti cha kiberiti. Niliwaambia watoto wa shule. Nilinogesha. Watu wengi husema wanaoamini mambo haya ni wajinga, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani kila muhula.

Lakini akili haikubali kulala milele. Kidato cha tatu, mwalimu wa bayolojia alichora ubaoni jinsi chanjo inavyofanya kazi, nikaomba ruhusa nikatoka, kwa sababu nilielewa nilichomnyima Wambui. Nikarudi nyumbani likizo nikiwa mtu mwingine. Tangu hapo nikawa mbaya kwa mama. Kila akisema "watu wa chaki" nilimrukia. Nilimletea vitabu, nilimkaripia. Baadaye simu zilipokuja na akaanza kunitumia zile jumbe za sambaza kwa watu kumi, nilimjibu kwa maneno ambayo sitayaandika. Na nilijua, jamani, nilijua vizuri sana, kwamba kadiri nilivyopiga kelele kuhusu ujinga wake ndivyo ambavyo hakuna mtu angeniuliza kuhusu mkono wangu.

Siku wamama wa kanisa walipokuja kuona mtoto wangu, mmoja aliuliza habari za kliniki, na mama akaanza, "Hizo sindano muangalie, mimi wangu mmoja walimharibu sikio." Nikasimama na mtoto mkononi nikasema, mbele ya wamama kumi na wawili, "Mum, wewe ni mjinga. Ujinga wako ndio ulimtoa Wambui sikio."

Mama alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina, kikombe kwa kikombe, mpaka wa mwisho.

Hayo yote ndiyo yaliyonizungusha nyumba nzima wiki iliyopita. Kesho yake asubuhi nikamwachia mume wangu mtoto nikaenda Kiuu, kwa Wambui. Ana saluni pale, viti vitatu, na wateja wake wamezoea kumwongelesha kutoka upande wa kulia. Nikamkuta anamsuka msichana mmoja aliyekuwa amesinzia. Sikukaa hata chini. Nilisema yote, kutoka kufuli mpaka kijiti cha kiberiti, nikizunguka ule upande wake mzuri ili asiniambie hajasikia.

Wambui aliendelea kusuka mpaka akamaliza mstari. Kisha akaweka kitana.

"Njeri, unasema ni wewe ulipaka?"

"Ni mimi."

"Mum aliniambia ni yeye."

"Alikuambia lini?"

"Nikiwa darasa la sita," akasema. "Walinicheka shule nikarudi nalia, nikasema nitawatafuta hao watu wa chaki nikiwa mkubwa. Akaniambia hakuna watu wa chaki. Akasema alipata woga, akanipaka GV ndio wapite. Alipiga magoti pale kando ya jiko. Akaniambia nisiwahi kukuuliza wewe, ati ulikuwa mdogo, hukumbuki kitu." Akafuta mikono kwa taulo, polepole. "Sikumwongelesha mwaka mzima. Unakumbuka? Mulidhani ni ujana."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mama akimwekea chakula na Wambui akikipita.

"Nipe dakika mbili," Wambui akasema, akatoka nje. Nilimwona kupitia pazia akisimama kando ya mtaro, mikono kiunoni. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Mimi nimechoka, Njeri. Nilimaliza hasira yote kwa mtu ambaye si mwenyewe. Sasa sijui kama imebaki ya kwako. Enda kwa mum."

Mama bado anakaa Kimbo, siku hizi kwa nyumba ya mawe. Nilimkuta mlangoni, sinia ya maharagwe mapajani, anatoa mawe. Akaniangalia mara moja tu.

"Wambui amenipigia," akasema. "Huyo msichana ana sikio moja na midomo miwili."

"Ulijua lini?"

"Usiku uleule tulipotoka hospitali. Niligeuza godoro, lilikuwa limelowa mkojo wa homa ya Wambui, kichupa kikaanguka."

"Na hukuniambia kitu."

"Ulikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa unamtuma mtungi wa maji, ukimlemea anaumwaga njiani. Mzigo huo mwingine ungeumwaga wapi?"

Yeye akatoa jiwe, akalitupa uani.

"Miaka hii yote, mum. Ukaona heri nikuone wewe ni mjinga."

"Eeh."

Hapo nililia, vibaya, kelele za mtu mzima zisizo na adabu, mpaka jirani akachungulia na mama akamwashiria aende. Nikamwambia anisamehe. Akaniacha nilie mpaka nikabaki na kwikwi.

"Ya Wambui nilikusamehe kichupa kikiwa bado mkononi," akasema. "Ulikuwa unanilindia mtoto, na woga huo ulikuwa wangu, ni mimi niliuleta nyumbani. Lakini kuniita mjinga mbele ya wamama wa kanisa, Njeri, tena nikiwamiminia chai." Akatikisa sinia, maharagwe yakalia. "Hiyo bado sijafika. Nikifika nitakuita."